Tamko la Mwenye Mzigo

Watu wa pwani waliozoea kuikausha nazi na kuifanya mbata wamelijua tangu zamani jambo ambalo makarani wa bandari za Ulaya walikuja kuliandika vitabuni kwa kuchelewa, nalo ni kwamba mbata isiyokauka vyema, ikirundikwa ghalani au katika ngama ya chombo pasipo na upenyo wa hewa, hupata joto kwa nafsi yake, na joto hilo likikosa pa kutokea huzidi siku baada ya siku, hata rundo likafuka moshi ilhali hapana mtu aliyewasha kiberiti. Makaa ya kuni yana tabia iyo hiyo, na pamba iliyolowa haiko mbali nayo. Leo mbata imeandikwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya shehena za hatari kwa nambari 1363, makaa kwa nambari 1361, pamba iliyolowa kwa nambari 1365. Na katika orodha iyo hiyo, kurasa nyingi mbele, zimeandikwa betri za lithiamu, zile zile zilizomo katika simu ya mkononi ya msomaji wangu.

Nimeanza na mbata makusudi, kwa kuwa aghalabu tusikiapo habari za ndege iliyoungua kwa sababu ya betri hudhani kwamba dunia imeshukiwa na balaa jipya lisilo na asili. Betri imeingia katika daftari la zamani, lenye umri wa zaidi ya miaka 150, na kila nikilifungua daftari hilo naona kuwa ni habari ya ulimi kuliko kuwa habari ya moto: ni masimulizi ya jitihada ndefu ya kumlazimu mwenye mzigo aseme kweli kilichomo sandukuni mwake, aseme mapema, tena kwa alama ambayo hamali wa bandari ya mbali, asiyeijua lugha yake, ataweza kuifahamu kwa kuitupia jicho.

Daftari naweza kulianzia Turin, mahali ambapo mwaka 1847 mkemia wa Kiitalia, Ascanio Sobrero, alichanganya gliserini na asidi kali akapata kiowevu cha mafuta kilichomtia hofu yeye mwenyewe kwa nguvu yake, nacho ndicho nitrogliserini. Wengine hawakuogopa kwa kadiri hiyo. Alfred Nobel wa Uswidi aliona humo mali, akaanza kukitengeneza na kukiuza kwa wachimba migodi na wajenzi wa reli, na hata pale karakana ya familia yake huko Heleneborg, mjini Stockholm, ilipolipuka tarehe 3 Septemba 1864 na kumuua mdogo wake Emil pamoja na watu wengine, biashara haikusimama. Kiowevu kikaendelea kutiwa katika vyombo, vyombo katika masanduku, na masanduku katika merikebu za moshi zilizokwenda Marekani, na juu ya masanduku hayo mara nyingi hapakuwa na neno la kuwaonya walioyabeba mabegani.

Sanduku moja la namna hiyo lilitoka New York, likavushwa shingo ya nchi ya Panama, likafika San Francisco likiwa linavuja kitu mfano wa mafuta. Dasturi ya wachukuzi wa wakati ule ilikuwa kwamba mzigo ulioharibika njiani upelekwe ofisini, ukafunguliwe mbele ya mashahidi, ili ijulikane ni nani wa kuilipa hasara. Basi likapelekwa katika jengo lililopangwa na kampuni ya Wells Fargo, na tarehe 16 Aprili 1866 mtumishi mmoja akashika nyundo na tindo, akaanza kulibandua kifuniko. Watu wapatao 15 waliangamia, na kuta za mtaa zikapasuka. Siku chache kabla ya hapo, katika bandari ya Aspinwall, ambayo siku hizi huitwa Colón, merikebu ya Kiingereza iliyoitwa European ilikuwa imelipuka gatini kwa shehena ya aina hiyo hiyo, ikaua watu wapatao 50. Nikilifikiri tukio la San Francisco, kinachonihuzunisha zaidi si nguvu ya mlipuko, maana nguvu ndiyo sifa iliyokifanya kitu hicho kinunuliwe. Ni ile nyundo. Mtu aliyeishika alikuwa akifanya kazi yake kwa uaminifu, kama kila siku, juu ya sanduku ambalo kwa macho yake lilikuwa sanduku la mafuta.

Mwenye jengo, aliyeitwa Parrott, aliwashitaki wachukuzi, na daawa ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1872 ilihukumu kwamba mchukuzi asiyekijua kilichomo ndani ya mzigo, wala hakuona dalili ya kumtia shaka, hana taksiri, wala hawajibiki kuwauliza wateja wake wote ni nini wanachopeleka. Wako watakaoiona hukumu hiyo kuwa ngumu kwa yule aliyebomolewa nyumba yake. Mimi naiona kuwa ni ya haki, tena nadhani ndiyo msingi wa kila kanuni iliyofuata, ijapokuwa mahakimu wenyewe hawakukusudia kutunga kanuni: maana ikiwa asiyejua hana lawama, basi lawama yote humrudia anayejua, na anayejua ni mmoja tu, yule aliyekipigilia misumari kifuniko. Mabunge yalikuwa yamekwisha kulitambua hilo kabla ya daawa kwisha. Mwaka ule ule wa 1866 Uingereza na Marekani, kila moja kwa sheria yake, zililazimisha kwamba nitrogliserini isafirishwe ikiwa na maandishi ya tahadhari juu ya kifungashio chake.

Nobel naye alitafuta dawa kwa njia nyingine. Aliichanganya nitrogliserini na udongo mwepesi unaonyonya kama sifongo, akapata kitu kigumu kiasi kinachoweza kushikwa, kukatwa vipande na kufungwa katika karatasi, nacho mwaka 1867 akakipatia hati ya ubunifu kwa jina la dinamiti. Watu humkumbuka kwa mlipuko. Mimi humkumbuka zaidi kwa kifungashio, kwa kuwa dinamiti haikuizidi nitrogliserini kwa nguvu, bali iliizidi kwa kusafirika. Jina lake tutakutana nalo tena.

Kutoka hapo miaka mingi yapita ambayo haina la kutukawiza. Baada ya Titanic kuzama, mataifa yalikutana London na mwaka 1914 yakaafikiana kwamba merikebu ya abiria isichukue mizigo ya kuhatarisha maisha ya watu, walakini yakaachia kila serikali iamue yenyewe ni mizigo gani hiyo, na vita vikaja kabla mkataba huo haujapata nguvu. Natija yake ni kuwa pipa moja liliweza kuwa la hatari katika bandari moja na pipa la kawaida katika bandari ya pili. Tarehe 6 Desemba 1917 merikebu ya Kifaransa Mont-Blanc, iliyosheheni baruti kali tumboni na mapipa ya benzoli sitahani, iligongana na nyingine katika njia nyembamba ya bandari ya Halifax, Kanada. Haikuwa imetweka bendera nyekundu ya kuwatahadharisha watu, kwani wakati wa vita bendera hiyo ingekuwa mwaliko kwa adui. Mabaharia wake, waliojua, walikimbilia mashua wakipiga kelele kwa Kifaransa. Wenyeji, wasiojua, walisogea madirishani kuutazama moto. Waliokufa walikaribia 2,000.

Bombay nataka kuisimulia kwa utulivu zaidi, madhali haikuwa mji wa ugenini kwa watu wetu: pembe na karafuu za Unguja zilishukia huko, na nguo zilizovaliwa hadi ndani ya bara zilitokea huko, na mabaharia wa pwani waliujua mji huo kabla ya kuijua Nairobi. Merikebu Fort Stikine ilitoka Birkenhead, Uingereza, ikapitia Karachi, ikaingia Bombay mwezi Aprili 1944 ikiwa na takriban tani 1,400 za baruti na zana za vita, pamoja na mikuo ya dhahabu. Na huko Karachi ilikuwa imepakia maelfu ya marobota ya pamba. Pamba na baruti ziliwekwa katika tumbo moja. Vita vilikuwa na haraka zake na merikebu zilikuwa haba, kwa hiyo jambo ambalo nahodha yeyote angelikataa wakati wa amani lilikubaliwa. Alasiri ya tarehe 14 moshi ulionekana ukitoka katika tumbo hilo. Waliokuwa gatini walijua kuna nini ndani, na kwa muda wa saa nzima na zaidi wakamimina maji, pasipo mtu mwenye amri ya mwisho kuamua ama merikebu itolewe bandarini, ama izamishwe pale pale. Saa kumi na dakika chache ikalipuka mara ya kwanza. Kabla ya saa nyingine kutimia ikalipuka mara ya pili. Gati, maghala, merikebu za jirani na mitaa ya nyuma ya bandari vikateketea, mamia ya watu wakafa, wakiwamo wazima moto wengi waliokuwa wamesimama juu ya sitaha na mipira yao ya maji, na pamba iliyoungua ikanyesha juu ya mji mfano wa mvua ya moto. Mkuo wa dhahabu uliangukia nyumba ya raia, na mingine iliendelea kuzolewa katika matope ya bandari miaka mingi baadaye. India hata leo huadhimisha tarehe 14 Aprili kuwa siku ya wazima moto.

Hapa tamko halikukosekana. Kilichokosekana ni utengano. Toka siku hizo yaeleweka kwamba haitoshi kulijua kila sanduku kwa jina lake, sharti ijulikane pia ni sanduku gani lisilale karibu na lipi, na meza ya utengano, inayomwonyesha karani kwa kulinganisha safu na mstari kwamba hiki kisiwe pamoja na kile, ni miongoni mwa kurasa zinazoshikwashikwa mno katika vitabu vya bandari.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 16 Aprili 1947, siku ile ile ya mwezi iliyoizuru San Francisco, merikebu Grandcamp ilishika moto katika bandari ya Texas City. Ilibeba zaidi ya tani 2,000 za nitrati ya amonia, yaani mbolea, katika mifuko ya karatasi. Nahodha, akitaka kuiokoa shehena isiharibiwe na maji, aliamuru milango ya tumbo ifungwe na mvuke upulizwe ndani ili moto ukose hewa. Rai hiyo ingefaa kwa pamba. Kwa mbolea ile haikufaa kitu, kwa kuwa nitrati hubeba oksijeni yake ndani yake, na moto unaopata riziki yake ndani ya nyumba hauhitaji kufunguliwa mlango. Watu wapatao 580 walikufa. Namwomba msomaji aikumbuke sana hali hii ya moto kuwa na oksijeni yake wenyewe, kwani tutairudia.

Ndipo Umoja wa Mataifa, mwaka 1953, ulipounda kamati ya wataalamu, na mwaka 1956 likatoka toleo la kwanza la mapendekezo yao, ambayo leo hugawa shehena zote za hatari katika madaraja 9, kuanzia vilipuzi hadi daraja la mwisho la vitu vya namna mbalimbali visivyoingia kwingine, na kukipa kila kitu nambari ya tarakimu nne inayosomeka sawasawa Mombasa na Rotterdam. Shirika la Kimataifa la Bahari likafuatia na kanuni zake za shehena za hatari baharini mwaka 1965, zilizokaa muda mrefu kuwa nasaha tu, hata mwaka 2004 zikawa faradhi kwa dola zilizotia saini. Miaka 39 kati ya nasaha na faradhi! Tusiwalaumu mno, mambo ya bahari huenda kwa majira.

Sasa nije kwenye lithiamu yenyewe. Mwaka 1817, mjini Stockholm, Johan August Arfwedson, akifanya kazi katika maabara ya mwalimu wake Berzelius, alikuta ndani ya jiwe lililochimbwa kisiwani Utö elementi isiyojulikana, nayo ikaitwa kwa neno la Kiyunani lenye maana ya jiwe. Watu wetu walipoanza kununua betri za tochi na za redio waliziita makaa ya tochi, na wengine mawe ya tochi. Hakuna aliyewafunza Kiyunani, na betri za siku zile hazikuwa na lithiamu hata chembe, walakini lugha mara nyingine hutangulia mbele na kumsubiri mwenyewe njiani.

Lithiamu ni chuma chepesi kuliko vyuma vyote, na wepesi wake pamoja na wingi wa umeme unaoweza kuhifadhiwa nayo uliwavutia wataalamu tangu miaka ya 1970. Kampuni ya Moli Energy ya Kanada iliuza betri za kuchajika zenye chuma hicho kitupu, na mwaka 1989 zikarudishwa kutoka Japani baada ya simu kushika moto. Njia nyingine, ya kuitumia lithiamu katika hali ya ioni pasipo chuma kitupu, ilijengwa kwa kazi ya Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino, na kampuni ya Sony ikaiingiza sokoni mwaka 1991. Watatu hao walipewa mwaka 2019 tuzo ya kemia inayobeba jina la Nobel, yule yule muuza nitrogliserini.

Hatari ya betri hii ni rahisi kuieleza. Pande zake mbili zimetengwa na utando mwembamba uliolowa kiowevu kinachowaka upesi; utando ukitoboka, kwa kupondwa, au kwa kasoro ya kiwandani, au kwa kuchajiwa kupita kiasi, pande hizo hukutana, joto hupanda, na katika joto hilo upande mmoja huanza kuitoa oksijeni iliyokuwa imefungamana nao. Hapo tumerudi Texas City. Tena seli moja ikiungua huipasha joto jirani yake hata nayo ikafuata, na ndani ya kasha mna seli mamia. Kinachosaidia ni maji mengi ya kupoza. Kuunyima moto hewa peke yake hakutoshi.

Ulimwengu wa ndege ulifunzwa hili kwa awamu. Tarehe 28 Aprili 1999, katika uwanja wa Los Angeles, betri ndogo za lithiamu zilizoletwa kutoka Osaka kwa ndege ya abiria ziliungua ghalani zikihamishwa, na kila zilipodhaniwa kuwa zimezimwa ziliwaka upya. Kwa udogo wake zilikuwa na msamaha: kanuni za siku zile hazikumtaka mwenye mzigo azitamke kuwa za hatari. Mwishoni mwa mwaka 2004 Marekani ikazuia betri za chuma cha lithiamu kusafirishwa kama mizigo katika ndege za abiria, baada ya majaribio kuonyesha kuwa gesi ya haloni, ambayo ndiyo tegemeo la kuzima moto katika tumbo la ndege, haiwezi kuuzima moto wake.

Kisha ikaja Dubai. Tarehe 3 Septemba 2010, miaka 146 kamili tangu Heleneborg, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya UPS ilipaa kutoka Dubai ikielekea Köln, Ujerumani, ikiwa na betri zaidi ya 81,000, nyingi zimetoka Hong Kong. Dakika 22 baada ya kupaa kengele ya moto ikalia. Doha ilikuwa karibu zaidi, lakini rubani mkuu alichagua kurudi Dubai, na kwa muda wa dakika chache moshi ukajaa chumbani mwao hata wasiweze kuviona vipimo vilivyo mbele ya nyuso zao. Hewa ya barakoa ya rubani mkuu ikakatika. Akaondoka kitini kutafuta nyingine, asirudi. Msaidizi wake akabaki peke yake gizani, asiweze kubadili mawimbi ya redio, akapokea habari za mwendo na kimo chake kwa kupokezanwa na marubani wa ndege nyingine angani. Alipita juu ya uwanja alioutafuta pasipo kuuona, na ndege ikaanguka. Wote wawili walikufa. Ripoti ya wachunguzi wa Falme za Kiarabu, iliyotoka mwaka 2013, ilieleza kuwa moto ulianzia katika mizigo yenye betri kwa wingi, na kwamba shehena zisizopungua tatu zilistahili kutamkwa kuwa za hatari za daraja la 9, wala hazikutamkwa hivyo.

Shehena zisizotamkwa! Kati ya nyundo ya San Francisco na kengele ile kulikuwa na miaka 144 ya sheria, kamati, mikataba, nambari na madaraja, na bado mtu aliyevifunga vifurushi hakusema.

Kanuni zilizozidi kukazwa baadaye nitazipitia kwa kifupi. Kila aina ya betri sharti ipite majaribio ya Umoja wa Mataifa kabla ya kusafirishwa: huwekwa katika hewa nyepesi kama ya juu angani, hupashwa na kugandishwa, hutikiswa, hugongwa, huunganishwa ncha kwa ncha, na zile za kuchajika hushindiliwa umeme kupita kiasi. Betri za ioni zilipewa nambari 3480 zikiwa peke yake na 3481 zikiwa pamoja na chombo chake. Za chuma, 3090 na 3091. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza betri za ioni zilizo peke yake kusafirishwa kama mizigo katika ndege za abiria, na katika ndege za mizigo zisichajiwe kupita asilimia 30. Kikatungwa kibandiko maalumu cha betri hizo: umbo la almasi, mistari 7 myeusi ya wima upande wa juu, na chini kundi la betri, moja imevunjika na kutoa mwali. Abiria naye ameambiwa betri yake ya akiba, ile iitwayo pawabenki, akae nayo chumbani pamoja naye, isiingie katika mizigo ya chini, na isizidi wati-saa 100, ila kwa idhini ya shirika ndipo ifike 160.

Makaa yetu ya kuni hayakusahauliwa. Zamani yaliyofaulu jaribio la joto yaliweza kusafiri baharini kama shehena ya kawaida. Baada ya makontena kuungua mara kwa mara, msamaha huo umefutwa, na tangu Januari 2026 sharti yatamkwe.

Kutoka Dubai na Guangzhou simu, redio, taa za jua na betri za pikipiki za umeme humiminika katika bandari na viwanja vyetu vya ndege, na vilivyoharibika hurudishwa huko kwa matengenezo, na betri iliyovimba ndiyo mbaya kuliko zote. Nimepata kusimama katika ghala moja, ambalo sitalitaja, nikaona furushi limeandikwa nguo za watoto, na mle ndani, katikati ya nguo hizo, mna simu mbovu zipatazo arubaini zimeviringwa kwa fulana. Aliyezifunga alikuwa akikwepa ushuru, hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Nawe unayefunga mzigo leo, nakusihi umwambie karani kuwa mna betri kabla hajakuuliza. Na akikuuliza, usimjibu kuwa ni nguo.